Kitabu Ulichonunua, Je, ni Chako?

Leo tunauliza: kitabu ulichonunua kwenye simu, ni chako kweli?

Julai 2009, nchini Marekani, wateja wa Amazon waliwasha vifaa vyao vya kusomea vitabu, Kindle, wakakuta riwaya mbili za George Orwell zimetoweka. Aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Kampuni ikazifuta kutoka mbali na kurudisha fedha. Aprili 2019, Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki. Fedha zilirudi, lakini kuanzia Julai vitabu havikufunguka tena.

Mara nyingi, ukibonyeza "nunua", unachopewa ni leseni, yaani ruhusa ya kusoma. Kitabu hicho kukiuza huwezi, kukirithisha ni shida. Cha karatasi ukishalipa, yamekwisha: azima, uza, mwachie mwanao.

Lakini karatasi nayo ina maadui. Mchwa hupanda kimyakimya ukutani. Unyevu wa pwani huleta ukungu na kulegeza gundi ya mgongo wa kitabu. Basi isogeze rafu mbali kidogo na ukuta, vitabu vipate hewa.

Kwa kitabu cha simu, soma masharti kabla ya kulipa. Ukiweza, chagua faili lisilo na kufuli la kuzuia kunakili, lipakue, kisha weka nakala nyingine nje ya simu. Simu huibwa, na huanguka majini.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.