Gari Kuukuu na Mkono wa Mwenyewe: Nasaha kwa Wamiliki wa Magari wa Kyela na Mwambao wa Ziwa Nyasa



Tunazungumza nanyi leo juu ya jambo linalogusa mfuko na uhai kwa pamoja: kulifanyia gari lililozeeka matengenezo makubwa kwa mkono wako mwenyewe. Hatukuja kumkataza mtu. Gari ni mali yako, na mwenye mali ana haki ya kuifungua. Tumekuja kusaidiana kutambua wapi mkono wako unatosha, wapi unahitaji mkono wa pili, na wapi uweke spana chini.

Magari mengi yanayopita kati ya Kyela mjini, Ipinda, Matema na Kasumulu yalifika nchini yakiwa yameshatumika ng'ambo, hasa Japani. Serikali hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri wa miaka 8 na zaidi, lakini ushuru hauondoi uzee. Gari lililoingia likiwa na miaka 10, likatumika hapa miaka mingine 10, lina miaka 20 barabarani. Katika umri huo raba hukakamaa, mipira ya maji hupasuka, gasketi huchoka na vyuma hulegea. Ndipo fundi anapotaja bei inayokaribia mapato ya msimu mzima wa mpunga au kakao, na mwenye gari anajiambia: "Nitalifungua mwenyewe. Nimemwona fundi akifanya."

Uamuzi huo waweza kuwa wa busara, waweza pia kuwa wa hatari. Kabla ya kushika spana, tunawaomba mjiulize maswali mawili. La kwanza: kazi hii ikiharibika, nini kitatokea? La pili: nitahakikishaje kwamba nimeikamilisha sawasawa kabla sijaingia barabarani? Kosa linalolifanya gari lisiwake ni hasara. Kosa linalolifanya gari lisisimame ni msiba. Kazi ambayo kosa lake litakuacha umeegesha gari nyumbani unaweza kuijaribu. Kazi ambayo kosa lake litaonekana ukiwa mteremkoni na abiria ndani, mwachie aliyefunzwa.

Mteremko huo kila mmoja wetu anaujua. Mwambao wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Tukuyu iko kwenye mita zipatazo 1,500. Baada ya Tukuyu barabara huendelea kupanda hadi Isongole kabla ya kushuka Uyole. Anayekwenda Mbeya huibebesha injini mlima akitokea kwenye joto la bondeni; anayerudi hubebesha breki zake mlima huohuo. Kwa hiyo mifumo miwili ya gari hujaribiwa hapa kuliko mahali pengi: mfumo wa kupoza injini na mfumo wa breki.

Tuanze na breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa ya Kyela ina unyevu mwingi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzijoto 205. Yakishanyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzijoto 140. Dereva anayekanyaga breki mfululizo kutoka Tukuyu huzipasha moto, mafuta yenye maji huchemka ndani ya mabomba na kutoa mvuke, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Pedi zaweza kuwa nene na mabomba yakawa hayavuji, na bado breki zikakosekana.

Kwa hiyo, kukagua unene wa pedi, kutazama kiwango na rangi ya mafuta ya breki na kuchungulia kama mipira yake imepasuka ni kazi yako, tena ifanye kila mwezi. Kufungua mfumo wenyewe, yaani kubadilisha silinda ya breki au mabomba na kutoa hewa ndani yake, mpe fundi mwenye ujuzi, na umwombe abadilishe mafuta yote angalau kila baada ya miaka 2. Hali kadhalika tairodi na viungo vingine vya usukani, mifuko ya hewa ya usalama, na springi za shokapu za mbele. Springi iliyobanwa hutunza nguvu ya kuvunja mkono au taya pale inapofyatuka.

Sasa tuje kwenye injini iliyochemsha. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa wengi hufungua hedi kabla ya kukagua vitu vidogo. Anza na mfuniko wa rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa, kwani maji yaliyo chini ya shinikizo yatakurukia usoni. Mfuniko huo hushikilia shinikizo ili maji yasichemke hata yakipita nyuzijoto 100. Raba yake ikichoka, gari huchemsha mlimani wakati injini ni nzima. Kisha tazama mipira ya maji, mkanda wa pampu, feni na themostati, na usafishe uso wa rejeta ulioziba kwa tope na wadudu. Kazi hizi zote mmiliki makini anaziweza kwa zana chache, na spea zake ni za bei nafuu kuliko kufungua injini.

Ukiona mapovu yakitoka mfululizo ndani ya rejeta injini inapowaka, moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata moto, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, hapo shuku gasketi ya hedi. Lakini subiri kidogo. Katika miezi ya masika, mito Kiwira, Mbaka na Lufirio inapofurika, gari lililovuka maji yenye kina laweza pia kuingiza maji katika oili ya injini, gia boksi au difu. Jiulize lilipita wapi wiki hiyo. Na kama lilizima katikati ya maji, usilijaribu kuliwasha: maji yaliyoingia ndani ya silinda hayasindiliki kama hewa, na pistoni ikiyagonga, mkono wake hupinda. Toa plagi kwanza, au mwite fundi.

Ikithibitika kwamba hedi lazima ifunguliwe, fahamuni kilicho kigumu katika kazi hiyo. Kufungua ni rahisi. Kujua hali ya ulichokifungua ndiko kugumu. Injini nyingi haziruhusu uso wa hedi upinde kuzidi sehemu 1 ya 10 ya milimita, yaani unene wa karatasi moja ya daftari. Jicho halioni mpindo huo. Hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na vibamba vya kupimia nafasi, na ukizidi, hedi hupelekwa kwa mchonga vyuma mwenye mashine. Halafu boliti hukazwa kwa zamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua kadhaa, na kwa spana inayopima mkazo. Boliti za injini nyingine hurefuka zinapokazwa, na mtengenezaji huagiza zisirudiwe. Mkanda wa taimingi nao ukikosewa meno machache, katika injini kadhaa vavu hugongana na pistoni mara injini inapozungushwa. Asiye na vipimo hivi, wala kitabu cha injini yake, anabahatisha.

Hapo ndipo tunapopendekeza njia ya kati, ambayo wengi hawaifikirii. Unaweza kufanya kazi za mikono mwenyewe na kununua ujuzi pale tu unapohitajika: toa hedi, isafishe, ipeleke kupimwa na kuchongwa, kisha mlipe fundi kwa siku moja aje asimamie kukaza boliti na kufunga taimingi. Uliza kama fundi huyo amepitia mafunzo au mtihani wa ufundi magari wa VETA. Mwenye cheti hataona haya kukionyesha. Unapofungua, piga picha za simu katika kila hatua, na weka boliti za kila sehemu katika kopo lake lenye jina. Tumeona magari mangapi yamekaa juu ya matofali chini ya mwembe, kuku wanatagia kwenye viti, kwa sababu aliyefungua hakukumbuka namna ya kurudishia?

Kabla hata ya boliti ya kwanza kulegezwa, andika hesabu: bei ya spea zote pamoja na oili na gasketi, gharama ya uchongaji, zana utakazokodi au kununua, na mapato utakayokosa siku gari litakapolala. Linganisha jumla hiyo na bei ambayo gari lako lingeuzwa likiwa zima. Weka kikomo, nawe ukiheshimu. Spea ya pili hununuliwa kwa uchungu wa ile ya kwanza, na hivyo mtu hujikuta ametumia thamani ya gari zima kwa gari lisilotembea.

Kuhusu usalama wa anayefanya kazi, tunasema kwa msisitizo: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Kinachoshikilia ni stendi za chuma. Tofali la kuchoma hupasuka ghafla bila onyo, na udongo wa Kyela uliolowa hudidimia. Tandika ubao mgumu na mpana chini ya stendi, na uweke vigingi kwenye magurudumu yanayobaki chini. Tenganisha betri kabla ya kugusa mabomba ya mafuta, na usifanye kazi peke yako. Oili chafu ikusanye kwenye dumu, usiimwage mtaroni: mitaro yetu huingia mitoni, na mito huingia ziwani tunakovua usipa na mbasa.

Tumalizie na haki zako dukani. Unaponunua spea, nenda na ile ya zamani pamoja na namba ya fremu ya gari lako. Mweleze muuzaji wazi kwamba unaihitaji kwa gari gani na kwa kazi gani, kwa maana Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyeeleza matumizi yake na kutegemea ujuzi wa muuzaji. Dai risiti ya kielektroniki, na kama kuna dhamana, iandikwe. Spea ya mtumba iandikwe kuwa ni ya mtumba. Pedi na mipira ya breki usinunue mtumba, na themostati au gasketi vilevile. Boksi lenye maandishi yaliyokosewa, chapa iliyofifia au bei iliyo chini mno kuliko maduka mengine ni dalili ya bidhaa bandia. Litunze pamoja na risiti, kisha toa taarifa kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, au kwa Shirika la Viwango Tanzania pale ubora wa bidhaa unapotiliwa shaka.

Kwa fundi pia, patana kwa maandishi hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari: kazi gani, spea zipi, bei gani, siku ngapi, na kwamba utarudishiwa spea zilizotolewa. Asiongeze kazi bila idhini yako. Ukishakabidhiwa gari, lijaribu kwanza kwenye tambarare ya Kyela na Ipinda, kagua uvujaji na ukaze panapohitaji, na hapo ndipo ulipandishe Tukuyu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Gari linalokaguliwa maji, oili na breki kila juma mara chache humfikisha mwenyewe kwenye uamuzi wa kufungua injini. Na siku utakapolazimika, ufunguzi huo uwe wa mtu aliyepiga hesabu, akajua mpaka wa mkono wake.