Dembo haiko parseli: maji ya Lubumbashi mpaka bahari ya Muanda

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa mitaa, Lubumbashi, tarehe 2 Februari, siku dunia inakumbuka mahali pa majimaji. Tumeyaandika vile yalisemwa, tumepunguza tu kelele.

 

Nitaanza mbali kidogo, munivumilie. Mwezi wa kwanza 2020, toka Nigeria mpaka Afrika Kusini, intaneti ilichoka. Watu wakatukana kampuni za simu. Siku ile kampuni hazikuwa na kosa. Kamba mbili kubwa zinazopita chini ya bahari, SAT-3 na WACS, zilikatika, na kitu kilichozikata kilikuwa matope. Matope ya mto Kongo. Mto ulijaa mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020, kujaa kwenye haukuwahi kuonekana toka miaka ya 1960, ukasukuma mchanga na bulongo mpaka mdomoni, pale Banana. Pale mdomoni, chini ya maji, kuko korongo kubwa linaloanza ndani ya mto wenyewe na kuendelea mbali sana chini ya Atlantiki. Ile matope ikaporomoka ndani ya korongo, ikatembea siku mbili, zaidi ya kilometa 1,100. Kamba zikakatika.

Sisemi kama bulongo ya Katuba ndiyo ilikata intaneti ya Lagos. Hapana. Maziwa na mabwawa yanashika matope mengi njiani. Nasema tu mto ni mmoja, na siye tuko juu yake. Lubumbashi yetu hii, ule mto mdogo wenye tunatupia chupa, unaingia Kafubu. Kafubu inaingia Luapula, mpaka wetu na Zambia. Luapula inaingia ziwa Moero. Kule Pweto maji yanatoka na jina lingine, Luvua, na kule Ankoro yanakutana na Lualaba. Kiisha Kongolo, Kindu, Kisangani, Kinshasa, Matadi, Boma, Muanda. Dar es Salaam iko karibu na siye kuliko Banana, ba shofa wa magari makubwa wanajua. Lakini maji yetu hayaendi Dar. Yanaenda Banana.

Sasa kule chini kuko nini? Inchi kubwa kama yetu iko na bahari kama kilometa 40 hivi, basi. Na kwenye ile kipande, mto unapokutana na bahari, kuko pori la mikoko, wenyewe wanasema mangrovi. Ni miti inayosimama ndani ya maji ya chumvi, mizizi yake inatoka inje kama miguu ya buibui. Serikali iliifanya kuwa mbuga ya kulindwa mwaka 1992. Ndani kuko lamantini, mnyama mukubwa mupole wa maji, ndugu ya nguva wa pwani ya mashariki. Samaki wadogo wanajificha katikati ya mizizi mpaka wanapata nguvu ya kuenda bahari. Maji yakifika kati ya ile mizizi yanapunguza mbio, na maji yakipunguza mbio yanaacha matope yaanguke. Na matope hayaanguki peke yake: uchafu mwingi, hata vyuma, unashikamana na matope, unabaki pale. Kwa hiyo mikoko ni kitunzo cha samaki na ni chujio, pamoja. Wakikata mikoko kwa makala na kwa kukausha samaki, na wanakata, ile kazi yote inakufa. Hakuna mashini itakayoifanya.

Mutu mumoja kule nyuma ananiuliza na macho: sasa hii inaniangalia mimi wa Kampemba ginsi gani?

Inakuangalia kwa sababu siye pia tuko na mangrovi yetu. Haina chumvi, haina miti yenye miguu. Tunaiita dembo. Wote munaijua: lile bonde la majani, bulongo nyeusi, matete, kwenye unatembea na kiatu kinabaki. Mvula ya mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine inaingia ndani ya dembo kama maji ndani ya eponji. Kisha, mwezi wa saba, wa nane, wakati kila kitu kimekauka na vumbi ya Ruashi iko kwenye meno, dembo inatoa ile maji pole pole kwa mito. Mto wenye uko na maji mwezi wa tisa, tafuta juu yake, mara nyingi utakuta dembo. Na kama mangrovi, dembo inapunguza mbio ya maji, inaangusha matope, inashika vyuma. Kazi ni ileile. Toka Kafubu mpaka Banana maji yanapita chujio moja, chujio lingine, lingine tena. Siye ndio chujio la kwanza.

Na muji huu ulikuwa tayari umekula chujio mara moja, wazee wa Kasenga wanajua. Luapula ilikuwa na samaki mumoja, mpumbu. Kila mwaka, mvula ikianza, mpumbu walipanda mto kwa makundi kwenda kutaga mayai kule kwenye majani yenye maji yamefunika. Wakati ya Union Minière, muji ulikuwa na wafanyakazi wengi wa kulisha, na wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga wakanunua samaki, wakaweka kwenye barafu, wakaleta Élisabethville. Nyavu zikawekwa njiani, kwenye mpumbu walikuwa wanapanda na mayai tumboni. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1940 biashara ya mpumbu ikaanguka. Hawakumaliza samaki kwa sababu walikula sana tu, wakubwa hapana. Walimaliza kwa sababu walifunga mlango wa pahali pa kuzalia. Dembo na bonde la mto ndiyo chumba cha kuzalia.

Tuje kwa shaba, hatuwezi kuikimbia. Tanuru ya kwanza ya muji huu iliwashwa 1911, pembeni ya mto Lubumbashi, kwa sababu tanuru inataka maji. Zaidi ya miaka mia moja tumetoa shaba, kisha kobalti, na maji yamebeba mabaki. Mwaka 2009 watafiti wa hapa kwetu, UNILU, pamoja na wenzao wa Leuven, walitoa matokeo ya mikojo ya watu wa Katanga: wenye wanaishi karibu na migodi na viwanda wako na kobalti mingi sana mwilini, watoto zaidi. Wengine wakapima bustani za mboga za Lubumbashi wakakuta shaba na wenzake ndani ya bulongo. Kule Lufira ya juu, kwenye ziwa Tshangalele linalopokea maji ya upande wa Likasi, vyuma vilipatikana mpaka kwa samaki. Na Novemba 2025, munakumbuka, maji ya bwawa la kiwanda yakaingia mitaa ya Annexe, Kinshasa ikasimamisha kampuni kwa miezi 3. Jina munalijua, sitalirudilia.

Hapa sasa niseme kitu kitakachouma. Dembo inashika vyuma, nimesema, ndiyo kazi yake. Lakini ba mama wanalima wapi lengalenga na matembele mwezi wa nane? Ndani ya dembo, kwa sababu ni kule tu kuko maji. Kwa hiyo chujio linashika uchafu, na siye tunalima juu ya chujio, kiisha tunaweka na bukari. Nisikike vizuri: simulaumu mama hata mumoja. Mama analima kwenye kuko maji, anasomesha watoto na ile mboga. Mwenye analeta uchafu juu ya mto ndiye anatakiwa kuulizwa, na mwenye kazi ya kupima anatakiwa kupima na kumwambia mama: bustani hii ni muzuri, ile acha, panda maua au majani ya kuezekea. Leo mama hajui. Karatasi za kupima, zikiwako, zinabaki ofisini.

Na juu ya ile yote, tunauziwa dembo kama parseli.

Munajua vile inafanyika. Mwezi wa nane, jua kali, majani yamechomwa, pahali panaonekana kama uwanja wa mpira. Bei iko chini. Mutu anakuja na karatasi na mihuri, anakuambia: «Papa, weka tu pesa, maji itakauka yenyewe.» Vijana wamefunga ndoa, wamekopa kwa shangazi, wanalipa. Desemba maji inarudi nyumbani, kwa sababu ni nyumba yake. Pahali robine haifiki wanachimba mashimo mawili ndani ya parseli moja, moja ya kisima, moja ya choo, na kule bulongo imelowa kutoka juu mpaka chini mashimo hayo yanazungumza. Kolera tunaijua hapa, haitaki kufundishwa njia. Na mvula yenye dembo ilikuwa inameza sasa inaenda kwa jirani wa chini, mwenye alinunua vizuri, pahali pakavu, miaka makumi mbili kabla yako.

Basi kabla ya kulipa, enda kuona pahali ile mara mbili: moja mwezi wa tisa, moja Januari. Ukikuta matete ao majani marefu yenye yako kijani wakati kila kitu ni kijivu, rudi nyumbani. Chimba na jembe kiasi cha mukono: bulongo nyeusi yenye harufu ya yai bovu ni dembo, hata kama karatasi inasema nini. Uliza mama mwenye anauza mboga karibu. Anajua kuliko muhuri.

Sheria iko. Katiba, artikle 53, inampa kila mutu haki ya mazingira safi na inampa pia kazi ya kuyalinda. Sheria ya maji ni ya tarehe 31 Desemba 2015. Inchi yetu ilikubali mapatano ya Ramsar mwaka 1996, ikaandikisha mikoko ya Muanda, na mwaka 2017 bonde la Lufira, ile ya kwetu kabisa. Kwa hiyo serikali ilisema mbele ya dunia kama hii majimaji iko na samani. Siye tunaomba waseme vilevile mbele ya shefu wa kartie. Tunataka komini zote saba zionyeshe, kwenye ukuta wa inje, ramani ya dembo zake, na kusimamisha kutoa namba za parseli ndani yake. Tunataka matokeo ya kupima maji ya Kafubu na ya mto Lubumbashi yabandikwe kila miezi mitatu, kwa Kiswahili, bei ya mukate mumoja wa karatasi haiwezi kuwashinda. Na wenye wamekwisha kujenga wasifukuzwe na tinga usiku: wapewe pahali pengine kwanza. Hiyo ya mwisho hatutaicheza.

Kazi yenyewe inaanza Jumamosi. Tutatembea kandokando ya Kafubu, toka daraja kwenda chini, kuandika dembo moja moja: iko wapi, nani analima, nani amejenga, maji inatoka rangi gani. Asubui saa mbili, tusichelewe. Mutu aje na viatu vya kuingia matope, daftari, na simu yenye batri imejaa. Na mwenye bibi yake ama mama yake analima kule, aje naye, yeye ndiye atatuongoza.