Umoja Hauko Kwenye Jina: Tujifunze kwa Vyama vya Wagoa

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Tutasema machache kuhusu umoja katika vyama vya wahamiaji. Tumelichagua jambo hili kwa sababu maombi mengi yanayofika kwetu, na kwenu pia, yanafanana. Watu waliotoka sehemu moja wanaomba ukumbi, mchango wa sikukuu, au msaada wa kuandikisha chama. Kila barua inasema, "Sisi sote ni wamoja." Swali letu leo ni hili: tutajuaje kama ni kweli?

Tumechukua mfano wa Wagoa. Wengi wao waliokuja kwetu ni Wakatoliki, wameishi Afrika Mashariki kwa zaidi ya karne moja, na vyama vyao vina mengi ya kutufundisha, mazuri na mabaya.

Goa ipo pwani ya magharibi ya India. Wareno waliitwaa mwaka 1510 na kuitawala hadi Desemba 1961. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika huko mwaka 1542, na mwili wake umehifadhiwa katika Basilika la Bom Jesus. Kila tarehe 3 Desemba Wagoa popote walipo huadhimisha sikukuu yake.

Kazi zilikuwa chache nyumbani, hivyo vijana wengi walitoka. Walioenda Bombay kutafuta kazi za meli walianzisha nyumba zilizoitwa kudd. Kila nyumba ilikuwa ya watu wa kijiji kimoja. Mwanachama alilipa ada ndogo, akapata mahali pa kulala na pa kuweka sanduku lake akingojea meli. Palikuwa na altare ndogo, na kila jioni walisali Rozari pamoja. Tunaomba mlione hilo vizuri: umoja wao ulianzia kwenye shida ya kila siku, yaani mahali pa kulala. Sala iliushika, na ada ikautunza.

Wengine walivuka bahari wakaja kwetu: Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala. Walikuwa makarani wa serikali na wa reli, mafundi cherehani, wapishi, wanamuziki, walimu na waganga. Nao wakaunda vyama. Mjini Nairobi, Goan Institute ilianzishwa mwaka 1905. Palikuwa pia na Railway Goan Institute ya watu wa reli, Goan Gymkhana, na chama cha mafundi cherehani kilichobeba jina la Mtakatifu Fransisko Ksaveri.

Ndugu wapendwa, kwa nini jamii ndogo hivyo, yenye imani moja na somo mmoja, ilihitaji vyama vingi namna hiyo? Sababu mojawapo ni kwamba karani hakutaka kukaa na fundi cherehani. Tofauti za kazi na elimu, pamoja na zile za tabaka la kuzaliwa ambazo vizazi vingi vya ubatizo havikuzifuta, zilivuka bahari pamoja na watu. Jumapili walipokea Komunyo kwenye meza moja, lakini klabuni si kila Mgoa alikaribishwa. Kila chama kilijiita cha Wagoa, na kila kimoja kilikuwa na Wagoa waliobaki nje. Hatusemi haya kuwadharau. Walioandika historia ya Wagoa hao wameyasema wazi, na sisi wenyewe tunajua vyama vyetu vya watu wa wilaya moja ambamo mwenye gari husikilizwa kuliko mwenye baiskeli.

Kwa upande mwingine, yapo mambo yaliyowaunganisha. La kwanza ni elimu. Daktari Rosendo Ribeiro, aliyejulikana Nairobi kwa kupanda punda milia akienda kutazama wagonjwa, alitoa fedha kusaidia shule ya Wagoa, ikaitwa kwa jina lake. Mtoto wa karani na mtoto wa fundi waliweza kukaa dawati moja, jambo ambalo klabu hazikuweza kulifanya.

La pili ni kuhusu majirani. Pio Gama Pinto, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927 katika familia ya Kigoa, hakuishia kwenye mambo ya jamii yake. Aliingia katika harakati za uhuru wa Kenya, akawekwa kizuizini na wakoloni, na baada ya uhuru akawa mbunge. Aliuawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965. Joseph Murumbi, ambaye baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Watu hawa wanatukumbusha kwamba umoja wa wahamiaji usiofungua dirisha kwa jirani haukamiliki.

La tatu ni msiba. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, Wagoa wengi waliondoka kisiwani. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, akawapa siku 90. Familia zilifika Uingereza, Kanada na kwingineko zikiwa na masanduku machache. Mtu aliyefika katika baridi asiyoijua alihitaji koti, chumba, na mwenyeji wa kumwonyesha parokia ilipo. Wakati wa namna hiyo hakuna anayeuliza kama ulikuwa karani au mpishi.

Je, mambo yameisha? La. Sheria ya Ureno inawaruhusu waliozaliwa Goa kabla ya Desemba 1961, pamoja na watoto na wajukuu wao, kudai uraia wa Ureno. Kwa pasipoti hizo Wagoa wengi wapya waliingia Uingereza kufanya kazi viwandani na kwenye maghala, hasa mji wa Swindon, kabla nchi hiyo haijajitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Hivyo basi jamii moja ina watu wa aina mbili: wazee waliotoka Nairobi au Kampala, ambao wengi wamezoea Kiingereza na wengine hata leo wanasalimiana kwa Kiswahili, na wageni wanaozungumza Kikonkani, wanaofanya kazi za zamu. Jaribio la zamani limerudi katika sura mpya.

Hapo ndipo utamaduni unapoingia. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Wagoa wana wimbo wa mando unaochezwa arusini, na wana tiatr, mchezo wa kuigiza wa Kikonkani ulioanza Bombay mwaka 1892, ambao nyimbo zake hazisiti kuwakosoa wakubwa. Ni hazina ya kweli. Lakini hata hazina inaweza kugawa watu. Kikonkani kilifanywa lugha rasmi ya Goa mwaka 1987 kwa herufi za Devanagari, wakati Wakatoliki wengi wanakiandika kwa herufi za Kirumi, na ubishi haujaisha. Na kijana aliyelelewa bila lugha hiyo hukaa ukumbini kama mgeni katika sikukuu ya babu yake. Utamaduni hujenga umoja pale tu mwenye kujua anapokubali kumfundisha asiyejua bila kumcheka.

Ndugu wajumbe, chama cha wahamiaji kinapoleta ombi parokiani, tunawashauri muulize maswali matatu kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, nani hayumo? Msiridhike na orodha ya wanachama. Ulizeni kuhusu wafanyakazi wa ndani, waliofika mwaka huu, waliooa au kuolewa nje ya jamii. Ulizeni pia kama akina mama wanaopika siku ya sikukuu wana kura siku ya uchaguzi.

Pili, chama kinafanya nini siku isiyo ya sikukuu? Je, kina mfuko wa mazishi, zamu ya kutembelea wagonjwa, au masomo ya lugha kwa watoto? Sikukuu ni ya siku moja, lakini ada ya chumba hudaiwa kila mwezi.

Tatu, jirani asiye wa kabila lao anafaidikaje?

Kwa wafadhili wetu tunasema asanteni, tena tunawaomba uvumilivu. Ukumbi ukijengwa hupigwa picha na kuwekwa kwenye taarifa. Fundi cherehani aliyekaribishwa mezani kwa mara ya kwanza haonekani kwenye taarifa yoyote, na kumfikisha hapo kunaweza kuchukua miaka mingi kuliko mradi wenyewe. Hata hivyo tunaamini kazi hiyo ndiyo yenye thamani zaidi kati ya zote mnazochangia.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyeishi na kufa mbali na kwao, atuombee.