Hotuba ya Mgeni Rasmi Katika Kuwakaribisha Wanafunzi wa Anthropolojia ya Jamii



Najua wapo wazazi hapa wanaojiuliza, mwanangu atakula nini na digrii hii ya anthropolojia? Swali hilo ni halali, na nitalijibu kwa habari ya Ebola.

Mwaka 2014 ugonjwa ule ulipotapakaa Guinea, Liberia na Sierra Leone, madaktari walifika, lakini watu wa baadhi ya vijiji waliwakimbia. Wagonjwa walifichwa, maiti wakazikwa kwa siri. Watu wale hawakuwa wajinga. Walimwona mama yao akitiwa kwenye mfuko wa plastiki na wageni waliofunikwa hadi macho, akapelekwa bila dua, na kaburi lisijulikane. Wanaanthropolojia wakaketi na wazee na kuuliza: katika mazishi yenu, lipi haliachiki, na lipi laweza kubadilishwa? Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima. Familia ishirikishwe, kiongozi wa dini awepo, na maiti wa Kiislamu asiyeweza kuoshwa atayamamishwe, yaani atawadhishwe bila maji, kisha avishwe sanda. Hiyo ndiyo kazi ya somo hili, wazazi wangu.

Wanafunzi, somo lenyewe lina doa na msifichwe. Lilikua chini ya kivuli cha ukoloni. Mshairi wa Uganda, Okot p'Bitek, alilisoma Oxford na kuchukizwa na wahadhiri waliowaita Waafrika washenzi. Akaandika kulipinga kwa hoja. Kabla yake Jomo Kenyatta alifundishwa na mwanaanthropolojia Malinowski jijini London, na mwaka 1938 akachapisha kitabu juu ya Wakikuyu, watu wake mwenyewe. Wasomeni wote wawili mapema, msisubiri mwaka wa tatu.

Nadharia mtazipata maktaba. Kukaa na watu, kula nao, kujifunza lugha yao na kunyamaza wanapozungumza, hayo hupatikana uwandani tu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Makamu Mkuu, naomba jambo moja. Bajeti inapobana, fedha za utafiti wa uwandani zisiwe za kwanza kukatwa. Mwanafunzi wa anthropolojia asihitimu kabla hajaishi kijijini kwa watu.