Je, Unatakiwa Kuwasilisha Ritani ya Kodi?

Leo tunazungumzia ritani ya kodi ya mapato, yaani taarifa ya mapato yako unayowasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Ikiwa wewe ni mwalimu au muuguzi, una mwajiri mmoja, na mshahara ndio mapato yako yote, mwajiri hukata kodi kila mwezi na kuipeleka TRA. Kwa kawaida hutakiwi kujaza ritani ya mwaka. Lakini umefungua duka pembeni? Hapo hali imebadilika. Nenda TRA ukatoe taarifa za duka hilo.

Mfanyabiashara mdogo, anayenunua maharage vijijini na kuyauza mnadani, hukadiriwa kodi kwa mauzo ghafi ya mwaka. Mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 hayatozwi kodi hiyo. Yakizidi hapo, tafadhali nisikilize vizuri: daftari lako la kumbukumbu za mauzo lina thamani ya fedha. Chukua mauzo ya milioni 5. Asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Inaniuma kuona mama lishe akilipa zaidi kwa kukosa tu kuandika.

Na kampuni? Hata ikipata hasara, iwasilishe ritani ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wake wa hesabu kwisha. Ukifunga hesabu Desemba, mwisho ni 30 Juni.

Kupata namba ya utambulisho wa mlipakodi (TIN) ni bure. Usimlipe mtu yeyote akuombee namba hiyo.