MZEE ANAPOACHA KUJA BARAZANI

Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Sisi makarani kazi yetu ni kutunza daftari la mahudhurio, na mwaka huu daftari hilo limetutahayarisha. Yuko mzee mmoja ambaye zamani hakukosa mkutano hata mmoja. Alipoacha kuja, tuliandika mara tatu mbele ya jina lake, "Hakuja, hana udhuru," tukamtoza faini kama kanuni isemavyo. Wengine walinena kuwa ana kiburi, wengine kuwa ametukasirikia. Hatimaye tulipomwendea nyumbani tulimkuta magoti yamevimba kwa muda mrefu, usingizi haupati, chakula hakimpendezi, wala mazungumzo hayamfurahishi tena. Hakulia, wala hakusema kwamba ana huzuni. Alisema tu, "Nimechoka."

Basi twapenda kueleza jambo ambalo madaktari wamelichunguza sana. Kila mmoja wetu ajua kwamba kidole kikichomwa na mwiba huwa chekundu, huvimba, hupata moto na kuuma. Hivyo ndivyo mwili unavyopigana na adui, na vita vikiisha moto huzimika. Lakini uko moto mwingine mdogo, usioonekana kwa macho, ambao hukaa mwilini miezi na hata miaka. Huchochewa na maradhi ya kudumu, unene uliopita kiasi, tumbako na ufizi mbovu, nao huelekea kuongezeka kadiri ya umri. Madaktari huupima katika damu kwa kuitazama protini moja itengenezwayo na ini, iitwayo C-riaktivu, iliyogunduliwa New York mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia.

Je, moto huo wahusikaje na moyo wa mtu? Mkumbukeni mwenye homa: hataki kula, hataki kuona watu, atamani kulala tu. Zile chembechembe za mwili zipelekazo habari za vita hufika hata ubongoni, na ubongo humwamuru mtu ajitenge apumzike. Tena, katika wagonjwa waliotibiwa kwa sindano za intaferoni, dawa iamshayo vita hivyo, wengi waliingiwa na unyonge wa moyo. Uchunguzi wa wazee nao umeonyesha kwamba wenye protini hiyo kwa wingi huelekea kuwa na dalili za unyonge kuliko wenzao. Uhusiano huo si mkubwa. Si kila mzee mnyonge ana moto mwilini, wala si kila mwenye moto ni mnyonge.

Mtu asije akasema, "Basi nitameza aspirini kila siku." Jaribio liitwalo ASPREE, lililofanywa Australia na Marekani, liliwahusu wazee zaidi ya 19,000, nusu walipewa aspirini kidogo kila siku, na nusu kidonge kisicho na dawa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa aspirini haikuwakinga na unyonge wa moyo. Tena jaribio hilo lilionyesha kuwa ilizidisha hatari ya kuvuja damu.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu mbele ya mkutano huu.

Kwanza, mzee akikosa mikutano miwili, wajumbe wawili wamtembelee kabla ya kutajwa faini yoyote.

Pili, wamwulize kwa adabu: Je, unakula? Unalala? Lililokufurahisha zamani lingali likikufurahisha? Ikiwa hali hiyo imedumu majuma mawili au zaidi, wamfikishe kwa daktari, naye aelezwe habari za viungo, za meno na za moyo pia, wala zisifichwe hata moja. Mzee akinena kwamba heri afe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku ile ile.

Tatu, asiambiwe, "Jikaze." Afadhali tumwendee tutembee naye pole pole kadiri awezavyo, kwa maana matembezi na wenzake humfaa mtu mwili na moyo pamoja.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mzee wetu hakuficha lolote. Sisi ndio hatukuuliza. Twawaombeni mturuhusu tuyafute yale maneno, "hana udhuru," katika daftari la Chama, na mzee arudishiwe shilingi zake.