Kuzuru Kituo cha Watoto Bondeni Kabete
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mliniagiza mimi na wenzangu wawili twende tukakitazame kituo cha masomo ya watoto kilichoko bondeni, upande wa pili wa Uthiru, kisha tuwaletee habari. Kabla sijaitoa, niruhusuni niseme machache juu ya mahali penyewe, kwa maana Kabete si ngeni katika kazi ya kuzuru shule za vijijini.

Mwaka 1925 ilifunguliwa pale Kabete Shule ya Jeanes. Jina hilo latokana na Bibi Anna Jeanes wa Philadelphia, Marekani, aliyetoa dola milioni moja kabla ya kufariki mwaka 1907, ili zisaidie shule ndogo za watu weusi katika mashamba ya kusini mwa nchi ile. Mwalimu wa kwanza wa mpango huo, Bibi Virginia Randolph, alikuwa akizunguka shule hata shule katika Virginia. Mwalimu wa Kabete naye alifunzwa kuzunguka. Alikuja pamoja na mkewe na watoto. Mume akajifunza ualimu na kilimo, mke akajifunza ulezi na usafi wa nyumba. Waliporudi kwao, mwalimu alikabidhiwa shule kadhaa za vijiji azitembelee, wala si kwa kuandika makosa na kwenda zake, bali kwa kukaa na kufanya kazi pamoja na walimu aliowakuta.

Sisemi kwamba mpango ule haukuwa na kasoro. Wazee wengi waliiona elimu ile kuwa ya kumfunga Mwafrika shambani, hali wao walitaka watoto wao wasome kama watoto wa watu wengine, nami naona walikuwa na haki. Tangu mwaka 1961 mahali pale pamekuwa pa kuwafunza watumishi wa Serikali. Lakini ile desturi ya mgeni kukaa chini na kutazama, hiyo ilikuwa njema.

Basi tulipanda matatu mjini siku ya Ijumaa, tukafuata barabara ya Waiyaki kupita Westlands na Kangemi, tukashuka Uthiru, na kutoka hapo tukateremka kwa miguu. Mtu hushangaa jinsi jiji linavyoishia ghafula: huku nyuma maghorofa, na mbele yako majani ya ng'ombe na vitaru vya sukuma wiki. Kituo ni vyumba viwili vya mabati, na walimu wawili, wote wanawake. Watoto walituimbia, kama wageni wanavyoimbiwa kila mahali. Mwenzangu mmoja alitazama paa, wa pili akahesabu madawati. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni makaratasi, niliomba daftari la mahudhurio.

Nilifunua kurasa za muhula mzima. Alama za kukosa masomo zilijipanga katika safu mbili, Jumanne na Ijumaa, na karibu zote zilikuwa mbele ya majina ya wasichana.

Nikamwuliza mwalimu, "Ni maradhi gani haya, mwalimu, yanayokuja Jumanne na Ijumaa tu?"

Akacheka. "Si maradhi, bwana karani. Siku hizo mama zao hupeleka mboga sokoni. Nani atakaa na mtoto mchanga?"

Alinionyesha msichana mmoja aliyekaa karibu na mlango, mdogo wake amefungwa mgongoni. Huyo alikataa kubaki nyumbani. Kila mtoto alipolia alisimama nje akimbembeleza, na hesabu zilizokuwa ubaoni alizijibu kutoka huko huko nje, na alizipata.

Ada za shule za msingi za umma ziliondolewa mwaka 2003. Katiba ya mwaka 2010 iliweka elimu ya awali na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa serikali za kaunti. Yote hayo ni mema, lakini hakuna hata moja lililomtua msichana yule mzigo wake asubuhi ile.

Fedha za mfuko wetu zilikusudiwa madawati. Sisi watatu twaomba sehemu yake imlipe mama mmoja wa kijijini, ambaye walimu watamchagua, awalee watoto wachanga katika kivuli cha chumba cha pili siku hizo mbili. Bwana Mweka Hazina ameniambia kwamba dawati hununuliwa mara moja, bali mshahara hudaiwa kila mwezi. Ni kweli. Kwa hiyo hatuombi zaidi ya mihula mitatu, na daftari lile lisomwe hapa mwisho wa kila muhula, ili wanachama waone kama zile safu mbili zimepungua. Zisipopungua, nitakuwa wa kwanza kupiga kura fedha zirudi kwenye madawati.

Pia twaomba ziara za wanachama ziwe Jumanne au Ijumaa, wala si Jumapili, maana Jumapili mtaonyeshwa vyumba vitupu na kupewa chai. Ziara ijayo ni Jumanne ya kwanza ya muhula. Tutakutana mbele ya jumba la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, saa moja na nusu asubuhi. Watakaokwenda wavae viatu vya matope.